Laptop Yangu, Digrii Tisini na Saba

Alhamisi, Februari. Jua la Temeke leo halina adabu. Tangu asubuhi hakuna jani lililotikisika, na ukuta wa sebuleni ukiugusa ni kama umegusa sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

Naandika kwenye simu. Laptop iko mezani mbele yangu, inafanya kazi, na nimeapa sitaigusa mpaka imalize. Inasoma asilimia kumi na nane, digrii sabini na sita. Nitakuwa naitupia jicho huku naandika, kwa hiyo mahali sentensi itakapokatika ujue nimechungulia.

Nina hasira kidogo. Za mchana zilikuwa nyingi zaidi.

Kwa asiyenijua, kazi yangu ni kuhariri video za harusi, za send-off na za kitchen party. Wengine wanashika kamera, mie napokea vipande vyao navishona mpaka viwe kitu mtu anaweza kukikalia chini akakitazama. Hii niliyonayo ni ya send-off ya kesho, ukumbi uko Sinza. Bi harusi amelelewa na bibi yake huko Kunduchi, na yule bibi sasa hivi hata kukaa kwenye gari hawezi. Nilikwenda mwenyewe kumrekodi, kitandani kwake. Alimpa mjukuu wake nasaha, akamwombea dua, akamtania kwamba bado hajui kupika pweza, akacheka mpaka akakohoa. Bi harusi hajui kama hiyo video ipo. Kesho taa zikipunguzwa, bibi ataingia ukumbini kwa njia ya skrini, na njia hiyo inapita humu, kwenye hii laptop.

Video isipokuwa tayari kesho saa kumi alasiri, bibi haingii.

Sina laptop ya pili. Vipande vyote nimevihifadhi pembeni kwenye diski, hilo sina wasiwasi nalo, lakini mashine ya kuvipika viwe video moja ni hii tu. Wenye stationery hapa mtaani kompyuta zao zinachapa barua na kutoa kopi za vitambulisho, ukiziwekea video kubwa zinakutazama tu.

Sasa hasira zangu zimeanzia wapi.

Jumamosi kamati ilikutana kwenye bustani ya baa moja hapo Sinza, kama kamati zote za mji huu. Nikafungua laptop niwaonyeshe kionjo. Ikawaka vizuri, bibi akatokea, wamama wakasema "aaah" kwa pamoja, bibi akafungua mdomo aseme, na hapohapo giza. Kimya. Mwenyekiti wa kamati ni mjomba wa bi harusi, yaani huyo bibi ni mama yake mzazi. Akaweka soda yake chini, akanitazama.

"Dada yetu wa Temeke, hiyo mashine inataka fundi au inataka sheikh?"

Watu wakacheka. Na mie nikacheka, maana ningefanyaje? Halafu akasema kwa upole, upole ule unaouma kuliko kelele, kwamba hapohapo Sinza kuna kijana ana studio ya kueleweka, kwa hiyo wananipa mpaka Ijumaa, na ikinishinda nimkabidhi kijana vipande "amalizie."

Amalizie! Safari ya Kunduchi nimekwenda mie, mto wa bibi nimeuweka sawa mie ili sura yake ionekane, kelele za majogoo nimezitoa mie moja moja. Halafu mwisho wa video lisomeke jina la kijana.

Asilimia ishirini na tano. Digrii sabini na saba. Vizuri.

Mie kazi hii sikufundishwa darasani. Nilikuwa nachapa barua za watu kwenye stationery ya mtu pale Tandika, na kuhariri nimejifunza kwa kutazama video za mtandaoni na kuzisimamisha kila baada ya sentensi. Hakuna aliyenishika mkono. Laptop yenyewe niliinunua ikiwa imeshatumiwa na mtu huko majuu, herufi nne zimefutika, natumia kwa kukariri. Ndiyo maana mtu akiniambia "hiyo laptop imechoka" nakereka. Imechoka wapi? Mie ndiye niliyechoka na bado nafanya kazi.

Wataalamu wa lugha wanaiita kompyuta mpakato. Mie siipakati. Anayepakatwa ni mtoto. Laptop inavuta hewa kwa tumbo na kuitema ubavuni, ukiiweka juu ya khanga mapajani umeiziba pua. Ukiiweka juu ya godoro ndiyo kabisa, godoro linaikumbatia kama mto wa kumnyongea mtu. Siiweki dirishani penye jua. Siitii kwenye begi ikiwa bado inawaka, huko ndani inajichemsha yenyewe kama viazi. Siipi kazi nzito ikiwa imebanwa na ukuta upande inakotolea joto. Haya nimeyajua kwa kuungua vidole.

Kwa hiyo ilipozimika mbele ya kamati sikwenda kwa sheikh. Jumapili asubuhi niliigeuza, nikafungua skrubu za nyuma, nikakuta feni ya ndani imevaa donge la vumbi, zito, la kijivu, ungeweza kulijazia mto wa mwanasesere. Nikalitoa kwa brashi laini ya rangi, mpya, ambayo haijawahi kugusa rangi, huku nimeishika feni kwa kidole isizunguke ovyo. Nikafuta ile dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, nikapaka mpya, tone dogo kama punje ya mchele. Kuna watu wanapaka dawa ya meno, eti zote nyeupe. Tafadhali. Halafu nikatafuta vipande viwili vya vigae vilivyobaki tulipojenga, nikaviweka kimoja kushoto kimoja kulia, laptop ikakaa juu yake na katikati pakabaki njia ya hewa.

Nikaipa kazi, nikakaa nayo. Digrii sabini na nne. Sabini na tisa ikizidiwa sana. Nikajipongeza kwa chai.

Jumatatu nikaiachia kazi ya kupika video, nikaenda sokoni. Narudi, imezima.

Nikaiwasha nikakaa nayo, sabini na sita. Jumanne nikatoka kidogo, narudi, imezima. Jana hivyohivyo. Na hii kazi ikikatika haiendelei ilipoishia, inaanza sifuri. Nina programu inayokumbuka joto la juu kabisa lililofikiwa, nikaifungua, ikaniandikia tisini na saba. Laptop yangu ikifika hapo inajizima yenyewe isiungue. Kwa kweli nikaiheshimu. Ina akili kuliko wengi wetu, ikizidiwa inaacha.

Lakini kwa nini tisini na saba? Nikapiga hesabu. Chumba ni kilekile, feni ileile, kazi ileile, vigae vilevile. Siyo umeme, maana hata ukikatika kuna betri. Nikiwepo ni sabini na kitu, nikitoka ni tisini na saba. Kinachobadilika ni kimoja tu, nacho ni mie. Fundi mmoja Kariakoo niliyempigia akasema ubao wa ndani umezeeka, nitafute nyingine. Nikamuuliza, ubao uliozeeka unajuaje kwamba nimekwenda sokoni? Akasema ana mteja, akakata.

Jirani yangu mama Zuhura akanong'ona kwamba ni jicho. Nikamwambia sina muda wa jicho. Ila usiku ule nililifikiria, sitaki kudanganya.

Asilimia thelathini na nne, digrii sabini na nane. Tuendelee.

Sasa nimtaje Mama. Mama ni mama mkwe wangu, amekuja kutoka Lindi mwanzoni mwa mwezi kutusalimia. Mume wangu ni dereva wa malori, yuko njiani kwenda Tunduma, na binti yetu Nasra yuko shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani ni mie na Mama tu. Ni mkwe mwema. Hanitumi hovyo, anasali, anapika samaki wa nazi mpaka majirani wanakuja kuuliza mechi ni saa ngapi ilhali hakuna mechi. Na anafuma. Tangu afike, sindano yake ya kufumia na uzi wake havijatulia. Televisheni imepata kitambaa. Friji imepata. Makochi yote yamepata, migongoni na mikononi. Redio imepata chenye maua ya zambarau. Jagi la maji lina kofia yenye shanga pembeni, ukinywa zinalia chi chi chi.

Mtu mwenye akili angeshaunganisha. Mie nilikuwa nasoma digrii, sikuwa nasoma vitambaa.

Jambo moja na Mama limekuwa likinikaa kooni tangu niolewe. Kazi yangu anaiita kubofyabofya. Akipigiwa simu na ndugu wa Lindi nasikia kabisa: "Mkwe wangu yupo, hajambo, anabofyabofya tu hapa." Nimejenga vyumba viwili vya nyumba hii kwa kubofyabofya. Sijawahi kumwambia.

Leo mchana nikaanzisha kazi, nikatoka kwenda Sinza kuangalia skrini ya ukumbi na kupima waya. Nikafika kituoni nikakumbuka flashi nimeiacha juu ya friji. Nikarudi. Nilikuwa nimevaa ndala, sikupiga kelele.

Laptop ilikuwa imevikwa.

Kitambaa cheupe, kimefumwa kwa uzi mwembamba, maua ya kijani yamezunguka pembeni, kimeifunika yote juu mpaka chini, pande zote nne. Mama amekaa kando yake na sindano mkononi, anamalizia pindo la upande wa nyuma huku kitambaa kimevaliwa, kama fundi anayemshonea mtu nguo mwilini. Na kule chini laptop inapiga kelele vuuuu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

"Mama, shikamoo," nikasema, na asubuhi nilikuwa nimeshamwamkia.

"Marahaba. Hee, umerudi!" Akashtuka, akataka kukivuta akifiche. "Nilitaka nikupe kesho, Mama Nasra. Pindo halijaisha."

"Unaifunika kila nikitoka?"

"Niiache uchi? Dirisha liko wazi, vumbi lote la barabara linaingia, na wapita njia na macho yao hayo. Kitu kinachokulisha hakiachwi wazi. Kisichofunikwa hakina mwenyewe." Akaipapasa juu ya kitambaa. "Tena maskini inalialia hii. Nikiifunika inalia zaidi kidogo, halafu inanyamaza. Nikajua imelala."

Imelala!

"Mama, hailali. Inazimia."

"Inazimia na nini?"

"Na joto."

"Ati joto! Mwenye homa si ndiyo hufunikwa akatoka jasho? Nasra wako huyo tulimtia mablanketi mawili kule Lindi, asubuhi anaomba uji."

"Nasra ana jasho, Mama. Hii jasho lake linatokea hapa tu." Nikakivua kitambaa, nikamshika mkono, nikausogeza kwenye matundu ya ubavuni.

Akaurudisha mbio. "Allah! Mbona kama mdomo wa tanuri!"

Nikatazama namba. Tisini na tano. Tisini na sita. Na kabla sijasema kitu, skrini ikafa mbele yetu sote wawili.

Pale ndipo hasira zilipokuwa nyingi. Jumatatu, Jumanne, jana, leo. Nilikuwa nimefungua mdomo, na nilichokuwa nataka kusema hakikuwa kizuri. Mama aliuona mdomo. Akakikunja kitambaa mara mbili, mara nne, akainuka.

"Basi. Nimekuja kukuharibia kazi," akasema. "Nitakipeleka kikavae redio yangu Lindi."

Akaingia chumbani. Mlango hakuubamiza. Angeubamiza ingekuwa nafuu.

Laptop iliyozimika kwa joto huiwashi hapohapo. Wengi wanaiwasha, inazimika tena, wanaiwasha tena, ndiyo wanavyoiua. Wala huitii kwenye friji, nimesikia wapo wanaofanya hivyo, itajaa unyevu ndani ife kifo kingine. Unaiacha wazi juu ya kigae mpaka tumbo lake liwe kama la glasi ya maji. Kwa hiyo nilikuwa na muda, na ndani ya huo muda sikuwa na pa kwenda ila chumbani kwa Mama.

Asilimia arobaini na tisa. Digrii sabini na nane. Nusu hiyo inakuja.

Nilimkuta anapanga begi. Nikakaa chini, sakafuni, miguu nimeikunja, nikamwomba nikione kitambaa vizuri. Akasita, akanipa.

Nikakifungua mapajani. Alikipima kwa shibiri akiwa peke yake, bila kuniuliza, na kimekaa sawasawa. Pembe zimezungushwa kwa sababu pembe za laptop zimezunguka. Na upande wa kushoto, pale waya wa chaji unapoingilia, ameacha kijitundu, amekizungushia uzi wa kijani kisitatuke.

Kijitundu cha waya. Mtu aliyekaa na kuitazama laptop yangu mpaka akajua waya unaingilia wapi.

Katika ukoo huu mzima hakuna aliyewahi kuitengenezea kazi yangu kitu. Wamewahi kuniombea, wamewahi kunionea huruma, wamewahi kuniuliza lini nitafungua genge la mboga. Kutengeneza, hapana. Hasira zikawa hazina pa kukaa, zikabaki zinazungukazunguka tu.

"Mama," nikasema, "mtu akiwa anatwanga kisamvu, jua kali kama hili, utamvika koti?"

Akanitazama kama anayetegwa. "Nani anatwanga na koti? Wazimu?"

"Akimaliza?"

"Akimaliza anaoga, anapumzika, anajitanda khanga yake."

"Basi saa hizi ilikuwa inatwanga."

Akaichukua sindano, akaichomeka kwenye mkunjo wa kilemba chake, ishara kwamba anafikiri. "Na kulia kule?"

"Ni kuhema."

"Ewe Mola." Akajifunika mdomo. "Nami naikaba huku nasema lala, lala."

Akaanza kucheka yeye, mie nikafuata. Tulicheka vibaya, mpaka mama Zuhura akaita dirishani kuuliza kuna nini, Mama akamjibu "Hamna, tulikuwa tunaua mtu."

Nilimweleza na lile donge la vumbi la Jumapili. Nilimwambia hakukosea yote, kwa sababu vumbi ndilo lililoniaibisha mbele ya kamati, na laptop iliyozimwa ikapoa inahitaji hasa kitu kama hiki. Ikiwa kazini, wazi. Ikimaliza, iachwe ipoe, uijaribu kwa kiganja, ndipo ivikwe. Sikusema ili kumfariji. Ni kweli. Ningekuwa na kitambaa hiki mwaka jana, lile donge lisingekuwa na ukubwa ule.

"Kwa hiyo kinavaliwa," akasema.

"Kinavaliwa. Kwa wakati wake."

Akaondoa nguo kwenye begi, akazirudisha kabatini moja moja, hana haraka.

Tukaianzisha kazi upya, pamoja. Akataka yeye ndiye abofye. Nikamwonyesha kitufe, akakibofya kwa kidole cha shahada, kwa nguvu kama anabonyeza kengele ya geti, halafu akakaa akingoja kitu kitokee. Nikamwambia sasa ni kusubiri. Akasema, "Kumbe kazi yenyewe ni ya subira hivi," na hakusema kubofyabofya. Nimeliona hilo. Sikulitaja.

Baada ya muda akatoka uani akarudi na kipepeo cha jiko, akaanza kuipepea.

"Mama, majivu!"

Akakitazama kipepeo, akaona majivu, akaanza kujipepea mwenyewe na kunitazama kwa ukali kama vile mie ndiye niliyekileta.

Asilimia sitini na sita. Digrii sabini na tisa. Huu ndio muda wa joto kali la mchana, na bado haijavuka themanini.

Sasa hivi simu imeita, nimelazimika kuacha kuandika. Mwenyekiti. Nimeweka sauti ya juu kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na kikombe.

"Dada wa Temeke, habari ya mchana? Nauliza tu, kijana wa Sinza nimwambie ajiandae?"

Kabla sijameza chai, Mama akaisogelea simu. "Baba, salama wewe? Mie ni mama mkwe wake hapa nyumbani. Chakula kiko jikoni, kinakaribia kuiva. Mgeni mstaarabu hapigi sahani."

Upande wa pili nikasikia kiti kikisogezwa. Mwenyekiti mzima, na kiti chake.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba mwanangu. Mama yako anasemaje hali yake?"

"Hajambo kidogo. Leo ameuliza kama sauti yake ilisikika vizuri."

"Mwambie imesikika," akasema Mama, ambaye hajasikia hata neno moja la ile video. Akanirudishia simu. Mwenyekiti akaniambia taratibu, bila utani safari hii, kwamba mama yake anamuuliza kila siku, na kwamba yeye akiogopa anakuwa na mdomo. Nikamwambia kesho kabla ya saa kumi nitakuwa ukumbini na atakuta kila kitu kinawaka. Sikusema inshallah ile ya kukwepa. Niliisema ile yenyewe.

Asilimia themanini na tatu.

Mama ameleta kiti chake kandokando ya meza. Mama Zuhura amekuja kuomba chumvi, akataka kuegemea meza na kuweka bakuli lake karibu na matundu, Mama akamnyooshea sindano: "Hapo ndipo inapopumulia." Mama Zuhura akaondoka na chumvi yake na habari ya kusambaza.

Asilimia tisini na moja. Digrii themanini kamili, ikashuka sabini na nane.

Tisini na sita.

Sitaandika tena mpaka iishe.

Imeisha.

Imeisha, jamani! Digrii sabini na saba, faili limekaa pale na jina lake, nimelinakili mara mbili, moja kwenye flashi, moja kwenye diski. Joto la juu kabisa lililofikiwa tangu tuanze upya ni themanini. Namba hiyo ningeweza kuichora ukutani.

Nikaifungua tuitazame yote, mie na Mama. Bibi wa Kunduchi akatokea, kitenge chake cha buluu, mto ule nilioweka sawa. Akasema nasaha zake. Mama akawa anaitikia kichwa. Bibi alipofika kwenye dua Mama akafungua viganja, na kila bibi alipovuta pumzi Mama akasema "Amina," kwa sauti, kama wamekaa mkeka mmoja. Kwenye pweza akacheka kabla hata bibi hajamaliza. Ilipofika mwisho jina langu likapanda skrini, akaniuliza kimeandikwa nini. Nikamsomea.

"Ni wewe huyo?"

"Ni mie."

"Yote hii umeifanya wewe?"

"Na yule bibi."

Alitoka kwenda kutawadha, lakini mlangoni aligeuka akaitazama laptop tena.

Sasa nimeizima. Bado ina uvuguvugu, kwa hiyo iko wazi juu ya vigae vyake, na kitambaa kiko begani kwa Mama kikingoja. Ameshaijaribu kwa kiganja, akasema "bado." Nilipotaka kuifunika mie, kwa kuwa mie najua digrii zake na naona inatosha, akanipiga mkono.

Nimeanza kuiwaza kesho. Kumbi za mji huu zinapambwa mpaka nguzo. Mpambaji akiona meza ya mtu wa video ina waya na mashine, anaimwagia satini mpaka chini ili isiharibu mandhari, na ukigeuka kuchukua maji unakuta hata mashine imo ndani ya pambo. Ukumbi utakuwa na watu mia mbili na joto lao, na bibi atakuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo. Nitafika mapema. Nitapanga vigae vyangu, nitaacha shibiri nzima wazi ubavuni, na nitakayemkuta na satini nitamweleza mara moja, kwa heshima.

Nilipomwambia Mama mpango huo, akaenda kabatini akatoa dera lake la sikukuu, akalitundika mlangoni likunjuke. Akasema anakwenda na mie. Atakaa upande wa matundu.

Kwenye kamati kila anayeingia meza ya video lazima aandikishwe jina na kazi yake. Nimwandikishe nani? Mama mkwe hakumo kwenye orodha yao ya kazi.

Nimeamua. Nitaandika fundi.